Ua wa Mzee Kituku

Kituku alizaliwa kwenye landhi za reli kule Makindu, akalelewa kwenye landhi za Mtito Andei, akaoa akiwa kwenye landhi za Maungu, na miaka yake iliyobaki ya kazi akaimalizia kwenye landhi za Voi, zile nyumba za safu moja zinazofanana hata mlevi akiingia kwa jirani halaumiwi. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia za treni: hii iende Mombasa, hii ishike ya Taveta, hii ingoje kwanza. Alizigeuza miaka nenda miaka rudi, na hakuna hata moja iliyopotea. Lakini ukimwuliza kwao ni wapi, alikohoa kwanza kabla ya kujibu. Baba yake alitoka Ukambani akiwa kijana, akafuata reli, akafia relini, na shamba alilotoka waligawana wengine kitambo.

Mwaka ule Jumuiya ilipovunjika na reli ikagawanywa, Kituku alikuwa amefika umri wa kustaafu. Akapewa mkono wa asante na kuombwa ahame, kwa maana nyumba ya landhi si ya mtu asiye na kazi. Akabaki na mkewe Wanza, masanduku yao, kuku wachache na mwana mmoja, Maundu, aliyekuwa Mombasa kwenye chumba kimoja kilichojaa watoto. Hapo ndipo Solomon alipomwokoa.

Solomon alikuwa Mtaita wa upande wa Ndara, mkulima, mtu wa maneno machache na mbuzi wengi. Tangu ujana alikuwa akileta makapu yake ya nyanya na maembe stesheni, yapelekwe Mombasa, na Kituku alikuwa akimwekea kivulini, akiyanyunyizia maji, kisha akihakikisha yamepanda behewani kabla ya makapu ya watu wenye kelele. Urafiki wao ulianzia hapo. Solomon aliposikia rafiki yake anatolewa nyumba, alimpeleka kwenye pembe ya shamba lake iliyo karibu na njia ya mbuzi, akamwonyesha kwa fimbo: kutoka hapa hadi pale.

"Jengeni hapa," alisema. "Limeni, mle."

Hawakuandikiana kitu. Kituku alijenga nyumba ya udongo yenye mabati juu, Wanza akapanda kunde na mchicha, na kila mtu pale alijua kwamba Mkamba wa reli ni mgeni wa Solomon. Kituku mwenyewe alijua hivyo, na siku nyingi hakulifikiria, mpaka pale fikira ya ua ilipomwingia kichwani.

Sababu aliyowaambia watu ilikuwa mbuzi. Mbuzi wa Solomon walikuwa na adabu za mwenye shamba; waliingia kwenye kunde za Wanza wakati wowote, wakala, wakamtazama mtu usoni. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli. Lakini ilikuwepo nyingine ambayo hakumwambia mtu. Maisha yake yote hakuwahi kuwa na mahali pa kufungua lango akasema nimefika. Landhini mlango ulifunguka kwenye njia ya watu wote. Alitamani, kabla hajafa, mtu aje asimame nje ya ua wake na kupiga hodi.

Alikwenda kwa Solomon kuomba ruhusa, kama inavyopaswa.

"Fensi?" Solomon akasema. "Jenga tu. Hata hawa mbuzi wangu wamezidi."

Basi Kituku akarudi nyumbani akapanga. Na alipanga hasa! Alichora ua ule kwa kijiti mbele ya nyumba, akaufuta, akauchora tena. Asubuhi Wanza alifagia mchoro pamoja na majani, naye akachora mwingine, na kila mchoro mpya ulikuwa na lango mahali pengine. Alipima kwa hatua, kisha akapima kwa kamba, na vipimo vikakataa kupatana. Mwishowe aliamua kupanga nguzo kwa nafasi ya mataruma ya reli, maana hiyo ndiyo nafasi pekee ambayo miguu yake iliijua bila kuuliza.

"Baba Maundu," Wanza alimwambia akiwa na ufagio mkononi, "hii fensi ni ya kuzuia mbuzi ama ya kuzuia gari moshi?"

"Wewe subiri tu. Utaona."

Miti ikawa taabu. Migunga ya pale nyikani ni migumu, na panga la Kituku lilikuwa panga la kufyekea nyasi kando ya reli. Alipiga mgunga mmoja mpaka mkono ukafa ganzi, na mti haukuonyesha kwamba umepigwa. Kisha akagundua kwamba ule mti mwingine, ule wenye gome linalobambuka kama karatasi na utomvu unaonukia, unakatika kwa mapigo machache. Tena ni mwepesi, na matawi yake ukiyachagua vizuri yamenyooka. Kituku alifurahi. Alijiuliza kidogo kwa nini wenyeji wanahangaika na miti migumu na huu upo, akahitimisha kwamba pengine ni mazoea tu. Akaibeba begani, mzigo baada ya mzigo, ikiwa mibichi vilevile, akachimba mashimo kwa mtaimbo, akaisimamisha, akashindilia udongo. Juu yake akafunga fito kwa kamba za katani.

Ua ulikwisha. Ukiutazama kutoka njiani ulikuwa wima. Ukiutazama kutoka jikoni, ulikuwa umeinamia upande wa Mombasa. Lango lilifunguka vizuri ila halikupenda kufunga. Lakini ulikuwa ua, na jioni ya kwanza Kituku alitoka nje, akazunguka, akafungua lango lake mwenyewe na kuingia, na Wanza aliyekuwa akipepeta mahindi akajifanya hakuona.

Mvua za vuli zikaja. Wiki chache baadaye Kituku alitoka asubuhi na mswaki mdomoni, akakuta nguzo zake zina majani.

Aliita Wanza kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Walitazama pamoja. Majani madogo ya kijani yalikuwa yametoka juu na ubavuni, nguzo hii, na ile, karibu zote. Kituku alicheka. Kumbe alikuwa amejenga ua usiooza! Mchwa watakula nini kwenye mti ulio hai? Kuanzia siku hiyo maji ya kuogea hayakumwagwa ovyo. Alipita nguzo hadi nguzo na ndoo, asubuhi kweupe, watu wakienda mashambani, naye akiwasalimia kila mmoja kwa furaha. Na kwa kuwa udongo ulikuwa umelainika, alikata miti mingine akaziba mapengo.

Mtu wa kwanza kuusifu ua alikuwa Thadeus, mdogo wake Solomon. Alisimama njiani, akautazama kutoka pembe hadi pembe, polepole.

"Kazi nzuri, Mkamba," alisema. "Kumbe una akili kuliko tulivyodhani."

Kituku aliibeba sifa hiyo nzimanzima mpaka kwa mkewe. Wanza aliuliza Thadeus alikuwa na uso gani alipoisema. Kituku akasema uso wa kawaida, kwa nini? Wanza akarudi kwenye sufuria yake.

Kisha mambo yakaanza kugeuka, na hapo ndipo Kituku alipoingia kwenye ukungu. Mkamburi, mke wa Solomon, alikuwa na desturi ya kumpelekea Wanza kibuyu cha maziwa. Kibuyu kikakoma. Solomon, aliyekuwa akipita jioni kunywa chai na kuwalalamikia mbuzi, akaanza kupita njia ya upande wa pili, mbali, fimbo mabegani, bila kugeuza shingo. Hata mbuzi wake hawakuja tena. Dukani watu wakimwona Kituku walikumbuka kwamba wana shughuli kwingine.

Alichanganyikiwa kabisa. Alikaa kwenye kigoda akazipitia dhambi zake moja moja. Je, ni yule beberu aliyemtupia jiwe? Lakini jiwe halikumpata. Je, Wanza alisema neno kisimani? Wanza akaapa hakusema. Au ua ni mbaya, unawaaibisha? Hilo akaliona lina ukweli. Akaunyoosha, akazifunga upya fito zilizolegea, akapunguza majani ya juu yakae sawasawa. Kadiri alivyoupamba ndivyo salamu zilivyozidi kukauka. Mtu aliyegeuza treni maisha yake yote alikuwa sasa hajui hata yuko njia ipi, na usingizi ulimpaa.

Kwenye baraza la chifu likatangazwa jambo lililokuwa limesubiriwa: wapimaji wa serikali wanakuja kupima mashamba ya upande ule, kila mtu aonyeshe mpaka wake. Kituku alikuwa amekaa nyuma, kofia magotini. Mzee mmoja akasimama akauliza, "Na hawa wanaopanda miti kwenye mashamba ya wenyewe, watapimwaje?" Watu wakacheka, lakini si kicheko cha raha. Kituku akacheka pia, kwa heshima, asionekane anajitenga. Vichwa vingi vikageuka kumtazama. Akatabasamu, akapunga mkono.

"Kuna mtu amesemwa barazani," alimwambia Wanza aliporudi. "Amepanda miti kwa shamba la mwenyewe. Sijui ni nani."

Wanza alikuwa anachambua mchicha. Mikono yake ikasimama. Naye alikuwa mtoto wa landhi, hakujua zaidi ya mumewe, lakini alikuwa amepata kutazamwa kisimani siku nyingi.

"Baba Maundu, nenda kwa Solomon. Nenda leo. Ukifukuzwa, angalau tujue tumefukuzwa kwa nini. Kwa Maundu hakuna mahali hata pa kutandika mkeka."

Hapo Kituku alihisi hofu ya kweli. Alivaa koti lake la reli, akaenda.

Kwa Solomon alizoea kukaribishwa ndani, kwenye kiti cha karibu na dirisha. Siku hiyo Mkamburi alimletea kigoda nje, na maji badala ya chai. Solomon alikaa upande wa pili wa uwanja, akichonga mpini ambao tayari ulikuwa umechongeka.

"Mzee Solomon," Kituku alianza, "nimekuja. Kama nimekukosea, niambie. Mimi sijui."

"Hujui."

"Haki ya Mungu sijui."

"Mtu anapanda mistari ya miti kwenye shamba langu, anaimwagilia maji kila asubuhi watu wote waone, wapimaji wako njiani, halafu hajui." Solomon hakuinua macho kutoka kwenye mpini. "Sawa. Wakija utawaonyesha mpaka wako."

"Mpaka gani? Mimi nimejenga fensi! Nilikuuliza, ukasema jenga!"

"Nilisema jenga. Sikusema panda."

Kituku alimtazama Mkamburi, kisha Solomon, kisha Mkamburi tena. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa kwenye stesheni asiyoijua. Mkamburi alimwangalia hivyo kwa muda, na kitu fulani kikamwingia moyoni.

"Mzee Kituku," aliuliza, "zile nguzo ulizichoma miguu?"

"Miguu?"

"Ule upande wa kuingia chini. Uliutia motoni kabla ya kuchimbia?"

"Kwa nini nichome mti mzuri?"

Mkamburi alipiga makofi mara moja na kushika kichwa. "Baba, huyu hajui! Mtazame uso, huyu hajui!"

Akamweleza, kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto. Huku kwao mtu aliyepewa mahali pa kukaa hulima kunde, hulima mahindi, vitu vinavyovunwa vikaisha. Mti ni jambo jingine. Anayepanda mti ukashika anasema hapa ni pangu, na pa watoto wangu. Kwa hiyo mgeni akitaka nguzo, huichoma mguu mpaka iwe nyeusi, hapohapo mbele ya watu. Mchwa hawaitaki, na haiwezi kuchipua. Kila apitaye akiona weusi pale chini, anajua huyu amejenga tu. Na kama ni ule mti unaonukia, hata mtoto hawezi kuuchimbia mbichi bila kuuchoma, kwa sababu ule hata ukitupwa chini unaota.

"Hakuna aliyeniambia," Kituku alisema.

"Nani angekwambia?" Mkamburi akajibu. "Kila mtu anajua."

Aibu ilimshika Kituku mpaka masikioni. Alikumbuka ndoo. Alikumbuka jinsi alivyopunga mkono barazani. Lakini ndani ya aibu ile kulikuwa na hasira kidogo, na hiyo nayo akaitoa.

"Na wewe, Mzee Solomon? Miaka yote tunajuana. Hukuweza kuja kuniuliza?"

Solomon aliuweka mpini chini. "Niliogopa," alisema. "Ningekuuliza, ukaniambia ndiyo, hapa ni pangu sasa, ningefanya nini? Nikafikiri, heri nisiulize. Thadeus na ndugu wengine wanasema kila siku, umeleta mtu, sasa amekuchukulia. Mimi nimeumia, Kituku. Nimeumia sana."

Kituku aliomba neno moja tu: kwamba kesho asubuhi Solomon aje, na Thadeus aje, na yeyote mwenye macho aje.

Wakaja. Kituku na Wanza walianza kung'oa ua kabla jua halijapanda. Fito zilitoka upesi, lakini nguzo zilikataa. Zilikuwa zimeshika kwelikweli. Ukichimba unakuta mizizi myeupe, miororo, imejisokota gizani. Kituku alichimba kwa mtaimbo, Wanza akavuta, na kila moja iliyotoka waliilaza njiani, mizizi juu, watu waione. Hakuna aliyecheka. Wanza alikuwa analia bila sauti na kuendelea kuvuta. Kituku hakulia, lakini alipofika kwenye lango alisimama tu, ameshika miti miwili kana kwamba lango ni mtu anayeaga. Kisha akaling'oa nalo.

"Thadeus," alisema akitweta, akajaribu kusimama wima. "Na nyinyi wote. Hapa mimi sina mti. Sina mpaka. Sina kwetu pengine pia, lakini hapa si pangu. Ni pa Solomon. Wapimaji wakija nitawaambia hivyo hivyo."

Kuyasema maneno hayo mbele za watu, na mvi kichwani, na mke akisikia, kulimuuma kuliko kitu chochote alichowahi kufanya. Thadeus alikuwa amekuja na maneno yake tayari, ilionekana; akayatafuta, akayakosa. Akavua kofia, akaivaa tena. Mkamburi aliinama kwenye lundo, akachagua nguzo moja, akaondoka nayo, na Kituku hakuwa na nguvu ya kuuliza ya nini.

Siku chache zikapita, nyumba iko wazi pande zote, mbuzi wamerudi kwenye kunde. Kisha asubuhi moja Solomon alitokea na mkokoteni wa punda uliojaa nguzo za mgunga, kavu, nzito, zilizokatwa siku nyingi. Thadeus alikuwa akisukuma nyuma. Kituku alitoka, shati halijafungwa vifungo, asielewe kama wamekuja kujenga au kumtoa.

"Washa moto," Solomon alisema.

Moto ukawashwa palepale kando ya njia. Walichoma miguu ya nguzo moja baada ya nyingine mpaka ikawa nyeusi tii. Thadeus alichimba, Solomon akasimamisha, Kituku akashindilia, na Solomon akampigia kelele kwamba sasa ua unaelekea Nairobi. Wapita njia walisimama, wakatazama weusi wa chini, wakatoa salamu za kawaida, za kuuliza habari ya nyumbani na ya kunde za Wanza. Kituku aliitikia zote. Alishukuru, hakika alishukuru, ila kila nguzo nyeusi iliyoingia ardhini ilimwambia pia yeye ni nani pale, na hakujua afurahi au ahuzunike. Alifanya kazi na yote mawili kifuani.

Nguzo za mgunga zilipokwisha, Mkamburi alikuja akitokea kwake, akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa gunia lenye maji. Solomon akakifungua. Ilikuwa nguzo mbichi, ya ule mti unaonukia, mizizi yake imefunikwa udongo, majani mawili matatu yangali hai. Akapita nayo nyuma ya nyumba, mbali kidogo na jiko, mahali penye udongo mzuri, akaanza kuchimba.

Kituku alimkimbilia. "Mzee Solomon, ngoja! Hiyo haijachomwa!"

"Nina macho."

"Lakini ukiiweka hivyo itaota! Watu wataona!"

"Waone." Solomon aliushusha mti shimoni, akarudisha udongo kwa mikono, akaukanyaga. Kisha akamwita ndugu yake. "Thadeus, nani ameupanda huu?"

"Wewe," Thadeus akasema.

"Nimempandia nani?"

Thadeus alimtazama Kituku, akamtazama Wanza aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko na unga mikononi. "Umempandia Kituku," alisema.

"Basi wapimaji wakija, nikiwepo, nisipokuwepo, utasema hivyo."

"Nitasema."

Wanza alishakwisha kuelewa. Alikuwa ameketi kizingitini, kanga usoni, mabega yakitikisika. Kituku alikuwa bado. Alisimama mbele ya mti ule mmoja, mdomo wazi, akatazama ua mweusi uliozunguka nyumba, akautazama mti, akamtazama rafiki yake anayejipangusa udongo kwenye suruali.

"Sasa mimi..." alianza. "Mzee Solomon, mimi sielewi. Huo ni wangu? Na hapa uliposimama?"

"Napo ni pako. Siku ukifa," Solomon alisema, "Wanza asianze kuuliza watu njia."